Kipande cha Katikati

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo naitoa kwa adabu tu. Mama hajambo, mitihani imekwisha, na paka amezaa nyuma ya spika, kwa hiyo napiga gitaa kwa sauti ya chini.

Jumapili ile uliponikatiza mbele ya ndugu wote na kusema, "Huyu hana sikio, anapiga kama anafukuza kuku," nilinyamaza kwa sababu nilikuamini. Mama naye alikuamini, ndiyo maana akakubali uje kulichukua gitaa la umeme la marehemu baba.

Tangu hapo nimeusikiliza ule wimbo wa roki kwenye santuri yake, nikirudisha sindano kila nilipokwama. Mjomba, pale katikati, gitaa linapolia peke yake, wewe huwa unaparuka. Unaigiza kwa mdomo, watu wanacheka, kisha unarudi kwenye kiitikio. Ndivyo ulivyonifundisha. Siku ile nilijaribu kukipiga kipande hicho nilivyokisikia redioni, ukasema nimekosea.

Jana nilimpigia Mama wimbo mzima huku santuri ikizunguka.  Ulipokwisha akasema, "Mwandikie mjomba wako aje kama tulivyopatana. Akikipiga hicho kipande, gitaa ni lake."

Basi njoo Jumamosi mchana. Mama amewaita shangazi zangu wote waje kukusikiliza. Mimi nitakaa kimya, kama ulivyonizoea.

Mpwa wako