Kidole kwenye mudomo

Mujukuu wangu Aziza,

Huku Kindu tuko salama. Babu yako magoti inamusumbua, lakini bado anaenda gare kila asubuhi kuangalia kama treni imefika.

Nimeona kitabu cha picha mama yako alichokuchorea. Unauliza kwa nini kila ukurasa mimi na yeye tuko porini, na mimi nimeweka kidole kwenye mudomo.

Ilikuwa wakati wa vita. Tulikimbilia pori ya Lokandu, mama yako akiwa na miaka mine. Watu wa bunduki walikuwa wanapita njiani. Nikamuambia, "Nyamaza, tusikilize viwavi." Viwavi vikikula juu ya muti, mavi yao inaanguka kwenye majani makavu kama mvua kidogo. Njo namna tunajua muti wa kuokota viwavi vya kula.

Mimi nilikuwa nasikiliza viatu. Yeye akavuta kikwembe changu cha kiunoni: "Mama, iko hapa." Muti ulikuwa umejaa. Tulikula siku tatu.

Mama yako anasema mimi njo nilimufundisha kusikia pori. Umuachie hivyo. Lakini wewe ujue: siku ile sikusikia kiwavi hata kimoja mpaka yeye aliponionyesha.

Koko wako