Msumeno Hauji Sigor

Kimulot,
18 Agosti 1996

Kwa Baba mpendwa,

Chamgei, Baba. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, na kwamba lile goti sasa linakuruhusu kufika kwa ng'ombe bila fimbo. Na Mama, macho yake yanaendeleaje? Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Nelvine ameanza nasari na anajua kuandika jina lake, shida ni kwamba analiandika ukutani. Fancy anaota meno, kwa hivyo usingizi mimi nausikia tu kwa watu. Ukiona mwandiko umelala, ujue mwenyewe ndiye hajalala.

Barua yako niliipata Jumapili iliyopita kanisani. Umesema kwa kuwa Kipkirui ameandikwa kazi kwenye kiwanda cha chai, ule msumeno wa duara uliompa tulipooana bila shaka umekaa bure, na mdogo wangu Alexander akija mwisho wa mwezi nimpe aanze nao karakana huko nyumbani Sigor. Nimeisoma mara tatu. Kabla sijajibu, acha nikupe kwanza habari za msumeno wenyewe.

Baba, ni mzima. Uliniambia uliukuta kwenye karakana ya shamba la wazungu ukiwa tayari umechubuka, hata mimi sijazaliwa. Sasa rangi imebaki chini ya mpini wake tu. Mwezi wa tatu fundi jirani, Mageto, alinunua mpya, mwepesi, mwili wa plastiki unaong'aa. Aliposikia wetu ukinguruma aliuliza kama tunapasua mbao ama tunasaga mahindi. Akapasua mbao mbichi za bluegum wiki mbili, wake ukatoa moshi. Alipotaka kuufungua aangalie ndani, hakupata hata pa kutia bisibisi. Siku hizi anakuja kwetu na mbao zake begani, na hacheki.

Wetu una skrubu nne. Unafungua, unapuliza vumbi, unapaka grisi, unafunga. Mwezi wa tano zile kaboni za ndani zinazopitisha umeme ziliisha, na madukani Kericho wakasema za aina hiyo haziletwi tena. Ndipo nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukipasua betri ya redio iliyokufa, unatoa kile kijiti cheusi, unakisugua kwenye jiwe mpaka kikae sawasawa. Nikafanya hivyo. Msumeno ukakohoa kidogo, halafu ukanguruma kama zamani.

Hapo najua umeinua kichwa, Baba. Ndiyo, nimeandika "nikafanya". Mimi.

Kipkirui hajawahi kupasua ubao kwa msumeno wako. Siku ya kwanza ulimruka mkononi, akauweka chini ya kitanda na hakutaka kuuona tena. Kukurudishia hangeweza. Mkwe anarudishaje zawadi ya baba mkwe, na watu waseme nini? Basi ukalala pale, na wakati huo nyumba yetu haina mlango, tumetundika gunia, na mvua ya Kimulot unaijua. Nelvine alikuwa na miezi minne, anakohoa. Asubuhi moja nilimpeleka kwa jirani yangu Nyakerario, nikautoa msumeno, nikakumbuka uliponisimamisha kwenye ncha ya ubao nikiwa mtoto, ukaniambia nishike tu, nisisukume, msumeno unajua njia. Nikapasua mbao, nikaunda mlango.

Tangu hapo ni miaka minne. Kipkirui alikuwa akipokea wateja mbele na kupigilia misumari, mimi napasua nyuma ya nyumba. Tuliwaacha watu waamini ni yeye. Nyakerario peke yake ndiye aliyejua, na hunitania akisema, "Mama Nelvine, wewe ni mke wa fundi ama ndiye fundi?" Nilikuwa nikicheka tu.

Lakini Pasaka ulipokuja, ulipitisha kiganja kwenye ule mlango, ukamwambia Kipkirui ana mkono mzuri kuliko wanao wote. Yeye akaangalia chini. Mimi nikamimina chai, nikanyamaza. Nisamehe kwa kunyamaza kule. Kuliniuma kuliko kidole nilichowahi kukata.

Kwa hivyo, Baba, kwa heshima yote, msumeno hauji Sigor. Haujakaa bure hata wiki moja. Jana umepasua mbao za madawati ya nasari, na Nelvine atakalia moja. Alexander aje huku akae nasi miezi miwili. Nitamshikisha ncha ya ubao kama ulivyonishikisha mimi, na akishajua tutamtafutia mzee mwingine wa chuma kama huu. Wa plastiki asinunue.

Kipkirui amesoma barua hii na hajafuta neno. Anasema amechoka kusifiwa.

Asante, Baba. Ulidhani unampa mkwe wako, kumbe ulinipa mimi, na mpaka leo ndio unaotulisha. Ukija tena, fungua ule mlango uangalie ubavuni, karibu na bawaba. Utakuta mistari mitatu ya penseli, ile alama yako uliyokuwa ukiacha kwenye kazi zako. Nilidhani siku ile ya Pasaka umeiona.

Msalimie Mama, umwambie nimemfumia Fancy ile sweta aliyoniagiza. Alexander naye aje na viatu vigumu. Mungu alishike goti lako.

Mimi binti yako, fundi,
Tecla Chepkemoi