Simu Uliyoiweka Spika Kilabuni

Geita

Kaka Gaudensi,

Shikamoo. Shikamoo hii naitoa kwa sababu mama alinilea hivyo. Moyo wangu ulitaka nianze na maneno mengine. Mama hajambo? Goti lake limepata nafuu, au bado anapumzika njiani akienda kanisani? Na mahindi hapo Maposeni yamefikia wapi? Mimi ni mzima. Neno hilo nimelitafuta kwa muda mrefu, na leo naliandika bila kudanganya.

Nimeandika barua kwa sababu karatasi huwezi kuiweka spika.

Ile Ijumaa nilikupigia nikiwa nimesimama nje ya hospitali. Nikakwambia, "Kaka, nimeanza matibabu ya akili. Daktari anasema nitapona." Nilidhani uko nyumbani. Kumbe uko kilabuni, na simu umeilaza mezani katikati ya vikombe vya pombe ya komoni. Nikasikia watu wanaangua kicheko. Kisha nikasikia sauti yako: "Jamani, mdogo wangu kachanganyikiwa huko machimboni! Mwanaume mzima anamlilia daktari!" Simu ikakatika. Mpaka leo sijui aliyeikata ni wewe au ni mimi.

Sasa nisikilize, maana siku ile hukunisikiliza.

Unamkumbuka Lameki, yule rafiki yangu Msukuma niliyekuja naye Pasaka, akamwezekea mama jiko. Tulikuwa tunachimba pamoja. Shimo letu, ambalo huku tunaliita duara, lilimeguka ukutani yeye akiwa mbele yangu. Udongo ukamfukia mpaka kifuani. Nikamshika mkono. Akaniambia, "Usiniachie." Sikumwachia, kaka. Lakini udongo uliendelea kushuka, na mwishowe ule mkono ndio ulioniachia mimi. Wenzangu walinivuta juu kwa kamba nikiwa bado nausikia kiganjani.

Hayo sikuwahi kukusimulia. Nilikwambia tu Lameki amefariki, ukasema poleni, tukahamia habari za mbolea.

Baada ya mazishi nilirudi kazini, miguu ikagoma mdomoni mwa duara. Siku moja Bi Zuhura, mama anayetupikia pale kambini, alikuwa anamimina mahindi ya kande kwenye sufuria. Ule mlio wa punje zikishuka ulinitoa mbio, nikaacha sahani chini na viatu. Usingizi ulinihama. Chakula kikawa kama mchanga mdomoni. Nikaanza kufikiri kwamba Lameki ndiye aliyepata nafuu. Wachimbaji wakasema nimerogwa. Nyapara wetu, Masanja, akanipa jina la Bibi Harusi kwa vile machozi yalikuwa karibu, na kila nilipopita walipiga vigelegele.

Ni Bi Zuhura aliyenifuata nyuma ya kibanda chake nilikojificha. Akasema, "Mwanangu, marehemu mume wangu alikuwa hivi hivi. Nikimuuliza, ananijibu ni uchovu tu. Akajinyonga. Tukatangaza kwamba ni malaria, kwa sababu ya aibu. Mimi hiyo aibu imenichosha. Vaa viatu twende hospitali."

Kwenye benchi la kusubiri nilikuta wanaume wenzangu. Mwalimu mmoja, askari mmoja aliyeivua kofia yake na kuikalia, na mzee wa kanzu aliyetazama sakafu muda wote. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Daktari alikuwa kijana kuliko mimi. Aliniuliza, "Unalala?" Basi. Nikalia mpaka shati likalowa. Hakucheka. Alisubiri nimalize, akaniuliza na mengine, akanipa dawa na siku za kurudi tuzungumze.

Sasa nalala. Nimepata kazi ya kuchomelea mageti kwenye karakana hapa mjini, juu ya ardhi. Nikisikia mahindi yanamiminwa, nageuka kutazama, basi. Na yule Masanja wa vigelegele alikuja karakanani wiki iliyopita, akanivuta pembeni. Akazungukazunguka kwenye habari za mpira, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Ile hospitali yako, mtu anaingilia geti gani?" Nilimpeleka mwenyewe.

Lakini wewe hukutosheka na kicheko. Ulifunga safari mpaka Matogoro, kwa wakwe zangu, ukamwambia baba mkwe, "Mchukueni binti yenu, mumewe amekuwa kichaa." Nani alikutuma? Mzee wa watu akaja na pikipiki hapo Maposeni kumchukua mke wangu Skola pamoja na watoto. Skola akamjibu mlangoni, "Baba, mume wangu alikuwa anaumwa akaenda hospitali. Ulitaka akae nyumbani aniue au ajiue, ndipo useme ana akili?" Mzee akarudi peke yake. Hilo ulilolifanya nalikumbuka kila ninapokula, na kila ninapokumbuka natamani ungekuwa karibu nikutikise mabega.

Kisha juzi nikazungumza na mama, hasira yangu ikachanganyika na kitu kingine.

Mama anasema tangu tumzike shemeji Benedikta, unaondoka na jembe asubuhi na kurudi nalo halina udongo. Chakula unamwagia mbwa. Na sasa umempa jirani redio yako na ile baiskeli uliyokuwa hutaki hata niiguse, ukasema huna haja navyo tena. Akikuuliza, unamwambia ni uchovu tu. Mama anadhani umekuwa mkarimu. Mimi nimekaa mbele ya daktari, kaka, najua mtu anayegawa vitu vyake anaweza kuwa anawaza nini.

Kumbe ulikuwa na jeraha lako, ukalifunika kwa kulicheka la kwangu mbele ya walevi! Hapo ndipo unaponiudhi kuliko yote. Ungesema neno moja tu kwenye ile simu, "Hata mimi," ningekuja usiku huo huo.

Nimeshaomba ruhusa kazini. Nikifika tutapanda Coaster ya Peramiho, wewe na mimi, twende hospitali. Ukiona haya, waambie watu kwamba unamsindikiza mdogo wako kichaa. Habari zangu wanazo tayari, ulishawapa. Jifiche nyuma yangu, sijali. Kumlilia marehemu mkeo hakukupunguzii uanaume, na atakayecheka nitamjibu mimi.

Nimemwambia Skola akuletee chakula kila siku na asiondoke mpaka ule. Usimfukuze, unajua hafukuziki. Dawa ya wadudu wa mahindi iliyokuwa stoo nimemwomba mama aiweke kwake. Usimuulize iko wapi.

Msalimie mama, mwambie nakuja na sato wa kukausha. Msalimie shangazi aliyemsaidia mama kutulea, na baba yetu wa ubatizo. Baba mkwe pia msalimie, kisha umwombe radhi wewe mwenyewe, hilo sitakufanyia.

Bado nina hasira na wewe, na sijui itaisha lini. Ukitaka kunijibu kwa matusi, yaweke mpaka nifike, unitukane uso kwa uso. Nitakaa kwenye kigoda nisikilize mpaka umalize. Lakini nikukute, kaka. Nikukute.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Kastori