Mshale Ulisimama Saba

Jumanne, 4 Machi
Shemeji — mume wa dada — kapindua ndege angani mara tisa. Nilihesabu dirishani. Akitua, kazi yangu ni kupanda kwenye bawa, kusoma geji na kuandika kitabuni. Geji inaonyesha ndege ilibeba uzito wake mara ngapi ilipokuwa ikipinduka. Mshale hubaki pale ulipofika mpaka mtu abonyeze kitufe.

Mwisho ulioruhusiwa ni sita. Leo mshale ulisimama saba na kidogo. Ikipita sita, ndege hairuki mpaka fundi afungue mabawa ayakague, siku nne au tano. Na maonyesho ni Jumamosi.

Shemeji alinyoosha mkono, akabonyeza.

“Andika tano na nusu. Wewe karani, si rubani.”

Nikaandika. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Fundi alikuja kukagua kitabu, kidole chini ya kila namba. Akauliza kama nilisoma kwa macho yangu. Ndiyo — si nilisoma? Akasema sasa analala usingizi. Karani aliyenitangulia alikuwa akikisia kama mpiga ramli. Tukacheka. Mimi nilichelewa kuanza.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji karuka tena. Nne na nusu. Nikaandika nne na nusu. Nikishuka, nikaona rangi imepasuka pale bawa la kushoto linapoungana na mwili wa ndege. Ufa mwembamba kama unywele. Labda ni rangi tu.

Nilimwambia shemeji. Akasema mimi nikiona wingu nafungua mwavuli. Kazi hii alinitafutia yeye. Hakunikumbusha. Hana haja.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kapiga simu. Miaka sita ya ndoa amekataa, leo kakubali: kesho anapanda ndege na mumewe, kiti cha mbele. Kanunua raba. Mama asiambiwe. “Nikitapika usinicheke, mdogo wangu.”

Nikamshauri asile asubuhi. Hilo tu!

Jumamosi, 8 Machi, saa nne asubuhi
Naandika nimesimama. Watu wamejaa hadi kwenye uzio. Nimemwambia fundi. Nimetamka: saba.

Hakufoka. Aliuliza kitu kimoja, “Lini?” Nikasema Jumanne. Akatazama kitabu, akanitazama, akatoka mbio — na lile goti lake bovu.

Nimeita kwa redio mara tatu. Siku za maonyesho shemeji huizima, anasema sauti za watu zinamtoa mchezoni.

Ndege imefika mwisho wa njia ya kurukia, inageuka. Injini imepanda sauti, vioo vya dirisha vinatetemeka. Fundi yuko katikati ya nyasi, kavua kofia, anaipunga kwa mikono miwili.

Dada kamwona. Anampungia —