Magoti Yangu Yanawaamsha Watoto

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimeketi, maana siku hizi kusimama kwangu ni tangazo, na naomba unisaidie kabla sijampa mwalimu mkuu jibu lake. Mimi ni mwalimu wa chekechea, mama wa makamo, mwili nimejaaliwa, na kazi yangu kubwa baada ya chakula cha mchana ni kuwalaza watoto kwenye mikeka, nachuchumaa kwa huyu nampapasa mgongo, nahamia kwa yule, mpaka chumba kizima kitulie, na hapo ndipo balaa linapoanza kwa sababu nikiinuka tu magoti yanalia ka! ka! kama mtu anavunja kuni, yule niliyemlaza mwisho anafumbua macho, anamgusa wa pembeni, na punde darasa lote limekaa linanitazama. Juzi mmoja akauliza, "Mwalimu, umevunjika?" Mwenzake akamjibu, "Hajavunjika, ndivyo anavyofunguka." Nilicheka nao, lakini moyoni sikucheka.

Nikamweleza wifi yangu, ambaye hakuna ugonjwa asioujulia dawa, akasema, "Wifi, mafuta ya magoti yamekuishia hayo. Mlango ukilia si unatiwa mafuta?" Basi nikaanza kunywa kijiko cha mafuta ya kupikia kila asubuhi, tafadhali usinicheke, magoti hayakunyamaza ila tumbo nalo likaanza kusema, baba watoto akaniambia nyumba sasa ina bendi kamili. Nikaona dawa iliyobaki ni kuyapumzisha nisiyamalize, nikaacha kuchuchumaa, nikaacha kupiga magoti, hata sokoni natuma mtu, darasani nikawa wa kiti kutwa nzima, mtoto akifunguka kamba za viatu nampandisha juu ya benchi ndipo nimfunge, na hivyo ndivyo mwalimu mkuu alivyoingia akawakuta wamejipanga juu ya benchi kama kunguru kwenye waya, mmoja kasimama kwa mguu mmoja anayumba, nusura aanguke. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniita pembeni akasema, "Mama, umri nao una haki yake. Njoo ofisini upokee simu na wageni, darasa nimpe mwenye magoti." Amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Magoti hayaniumi, hayajavimba, wala sijawahi kuanguka, ila siku hizi nikikaa sana yanakuwa mazito, nikiinuka hatua za kwanza natembea kama nimevaa buti zilizojaa maji, ndipo naamini kweli yanakwisha. Watoto ndio kazi niijuayo, ofisini nitakufa kwa ukimya. Je, nikubali hiyo meza, au nikibaki nitabaki bila magoti?

Ni mimi,
Mwalimu wa Kelele

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu wa Kelele, pole, na pole ya tumbo hasa. Hayo mafuta yaache leo. Ukiyanywa hayashuki magotini. Yanasagwa tumboni kama chakula kingine, na yanayozidi yanakaa kiunoni, halafu magoti hayo hayo ndiyo yanayobebeshwa. Wifi yako mpende, dawa yake mrudishie.

Goti, mwenzangu, si bawaba. Ndani yake mna majimaji ya kulainisha, na majimaji hayo yana hewa iliyoyeyuka humo. Ukikunja au kukunjua mguu, hewa hiyo hufanya viputo, ukasikia ka! Wakati mwingine ni kano inayoruka juu ya mfupa na kurudi mahali pake. Ni kweli pia kwamba gegedu, ule utando laini wa kwenye ncha za mifupa, huchakaa tukizeeka, na goti likakwaruza. Lakini kelele tupu, bila maumivu wala uvimbe, kwa kawaida si ugonjwa. Mimi nikipanda ngazi za ofisi hii, wenzangu hubadilisha mazungumzo kabla sijafika mlangoni. Bado napanda.

Sasa nikugombeze. Uliyasikia magoti yakipiga kelele, ukayafunga kifungo cha kiti! Ule uzito unaousikia ukiinuka, huenda umeutengeneza mwenyewe. Goti hushikiliwa na misuli ya paja na nyonga, na misuli isiyofanya kazi hulegea. Sokoni nenda mwenyewe. Asubuhi kabla watoto hawajafika, inuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, kaa tena polepole, rudia mpaka mapaja yaanze kulalamika. Jioni ukizungumza na baba watoto, nyoosha mguu mmoja mbele, kaza paja, shikilia kidogo, shusha, kisha wa pili. Na huo mwili uliojaaliwa, sikuambii uwe sindano, lakini ukipungua kidogo tu, goti litajua.

Ukipiga magoti, weka mto chini. Wakati wa kuwalaza, keti kwenye kigoda, usichuchumae muda mrefu. Na kabla ya kuingia, simama nje ya mlango, kunja na kunjua miguu mara kadhaa, magoti yaseme yanayotaka kusema. Yakishalia hivyo, mara nyingi hunyamaza kwa muda.

Kwa kuwa yameanza uzito, nenda kwa daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo akayatazame. Na siku goti likiuma, likivimba, likiwa la moto, likikwama au likikuachia ghafla ukitembea, usiniandikie mimi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu benchi, mwalimu mkuu ana haki na wewe huna. Ulihatarisha shingo ya mtoto wa watu ili goti lako lisipige kelele. Mwombe radhi, na usimtaje wifi. Kisha mwambie meza ampe mwingine, wewe unarudi sakafuni na watoto wako. Nenda kesho asubuhi, usingoje mwezi uishe, na uende kwa miguu.