Kaburi la Machogu mdogo

Anyiko, weka chini hiyo chai kwanza.

Unajua vile mume wangu Machogu anatafuta ile bunduki ya kuwinda aliyoachiwa na babu yake? Leo nyanya yake amechoka kuulizwa. Akasema, "Iko ndani ya kaburi la mtoto."

Kaburi la mtoto, Anyiko!!

Eti 1977, uwindaji ulipopigwa marufuku, polisi walikuja kuichukua. Nyanya alikuwa ameifunga kwa shuka na kuizika kwenye migomba. Akawalilia kwamba amezika mtoto mchanga. Polisi wakavua kofia! Wakauliza jina la marehemu.

Akawaambia, "Machogu."

Mwaka uliofuata mume wangu akazaliwa, akapewa jina la huyo marehemu.

Sasa anazunguka hilo kaburi, haketi, hali. Ananiuliza, "Kwani mimi nimerithi jina la nani?"

Nimeshindwa kumwambia ni la bunduki.