Vidosava, Aliyeingia Mtoni Maji ya Theluji Yakishuka

Mama, leo tarehe kumi na nne Mei umetimia mwaka tangu ujilaze kidogo baada ya chakula cha mchana, kama ilivyokuwa kawaida yako, usiamke tena.

Wengi hapa mjini Andrijevica walikujua kama fundi cherehani. Kwa miaka thelathini mabibi harusi walipita mikononi mwako, na hakuna aliyetoka na pindo lililopinda. Wavuvi walikujua kwa jambo jingine. Baba alikuwa mvuvi mwenye vidole vinene, kwa hiyo chambo chake cha manyoya ulikitengeneza wewe. Ulikwenda mtoni Lim, ukageuza mawe ukatazama wadudu gani wako karibu kuota mabawa, kisha ukarudi kufunga manyoya ya sungura na unyoya wa jogoo kwenye ndoana, hata mdudu mwenyewe angedhani ni ndugu yake. Jogoo wa jirani yetu Tomaš alikuwa akikuona tu, anatimua mbio.

"Shemeji, mwachie japo mkia," Tomaš alikuwa akilalamika. "Baridi hii!"

Lakini fimbo ya kuvulia hukuwahi kuishika. Kwetu mwanamke huenda mtoni kufua mazulia.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa Novemba, kiharusi kikampiga Baba. Kikachukua mkono wa kulia na maneno. Daktari alisema maneno yangeweza kurudi kama angejilazimisha kusema. Hakutaka. Majira yote ya baridi alilala ameupa mlango mgongo. Mwanao Vukota alikuja kutoka mjini Podgorica akamsihi. Mimi Radmila, ninayeandika haya, nilikuwa nalia jikoni. Ukaniambia, "Usimlilie mtu aliye hai. Baba yako bado yumo humo ndani."

Aprili theluji ya milima ya Komovi ikaanza kuyeyuka. Lim ukafura, ukawa rangi ya udongo, ukivingirisha magogo. Asubuhi moja ulitoa fimbo ya Baba, ukavaa suruali yake ya mpira inayofika kifuani, ukaifunga kwa kamba ya aproni isikuvuke, ukapita katikati ya soko ili kila mtu akuone.

"Vidosava!" Tomaš akapaza sauti mlangoni pa mgahawa. "Unakwenda kuvua au kuvuliwa?"

"Nakwenda kukuonyesha kazi iliyokushinda tangu uzaliwe."

Jioni ulirudi mikono mitupu. Uliketi kando ya kitanda ukamsimulia Baba yote: umesimama wapi, umerusha wapi. Akaguna tu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu ukamwambia, "Leo nimerusha pale kwenye povu, katikati kabisa ya mto. Kesho nitasogea mbele, maji yanifike kifuani."

Baba akageuka. Akakutazama usoni.

Kesho yake, ulipokwisha kuondoka, niliona mguu wake umeshuka sakafuni. Akachukua mkongojo. Nikamfuata na koti. Njia ya dakika tano ilituchukua saa nzima, na hakukubali nimshike. Tulipofika ukingoni, ulikuwa umesimama maji yakikufika kiunoni, mkondo unakuvuta, fimbo inayumba. Baba akainua mkongojo, midomo ikamcheza.

"Si hapo, mwehu wewe! Pembeni! Maji ya theluji haya, samaki wamekimbilia pembeni!"

Sentensi nzima. Baada ya miezi mitano.

Uligeuka polepole. "Unasemaje? Mto una kelele!"

Akarudia, kwa nguvu zaidi.

"Sikusikii, mzee!"

Akarudia mara ya tatu, amewiva uso kwa hasira. Ulikuwa umemsikia tangu mara ya kwanza. Ulituambia mwenyewe baadaye. Na habari za samaki kujificha pembeni ulizijua, kwa kuwa miaka thelathini ulikuwa ukimsikiliza akizisimulia mezani. Ila ile hatua ya kuingia hadi kiunoni, Mama, mpaka leo hatujui kama ulikuwa umeipima.

Tangu siku hiyo alikuja kila mchana, anakaa kwenye kiti cha jikoni ukingoni, na maneno yakamrudia moja moja, mengi yakiwa matusi.

"Inua mkono!"

"Nimeuinua!"

"Huo ni wa kuagia wageni!"

Katikati ya Mei maji yakaanza kusafika kandokando. Saa sita mchana wadudu wakaanza kupaa, wale wakubwa wenye mabawa ya kijivu wanaoishi siku moja. Hukuingia mtoni. Ulichuchumaa nyuma ya jiwe, ukafunga chambo ulichokitengeneza usiku uliotangulia, ukakirusha hatua nne tu kutoka miguuni pako, pale maji yalipotulia. Kikamezwa. Fimbo ikapinda kama upinde. Baba akasahau mkongojo, akaingia majini na viatu vyake, wavu mkono wa kushoto, akamkinga samaki. Trauti mzima, mwenye madoa mekundu. Mlisimama pale mmelowa wote wawili, mnacheka kama watu waliotoroka shule.

Kisha ukamtoa kwenye wavu ukamwachia aende zake.

Tomaš aliyekuwa darajani akapiga kelele, "Mbona unamwachia?"

"Sikumfuata yeye," ukamjibu.

Mlivua pamoja misimu mingine minne baada ya hapo. Ulimfundisha kurusha kwa mkono wa kushoto, ukamrudishia matusi yake yote.

Ndugu na majirani, asubuhi tutakwenda makaburini, na Baba atasema mwenyewe. Saa sita tutakuwa mtoni, chini ya daraja. Maji ni mengi mwaka huu, lakini kandokando yametulia, na wadudu wameanza kupaa tangu juzi. Njooni na mkate. Jibini na rakija, pombe yetu ya matunda, tunazo.

Wanaokukumbuka: mumeo Miraš, mwanao Vukota na mkewe Danica, binti yako Radmila, wajukuu Luka na Jovana, na jirani Tomaš, aliyeomba jina lake liwepo.

Hatujakusahau, Mama, wala hatujajaribu.